Cessna 162 SkyCatcher: viti viwili, lakini kilo zinatosha?

Mambo vipi wadau, leo niko nyumbani Nkuhungu, Dodoma, na hapo chini mnaona mistari miwili ya chaki, kutoka huu mpaka huu ni sentimita 112, ndo upana wa kokpiti, yaani sehemu anayokaa rubani, ya ndege ya Cessna 162. Nimeweka viti viwili vya plastiki katikati, vimebanana. Shemeji karibu ukae hapo kulia. Mnaona? Bega langu limemgusa kidogo ila mikono inacheza, kwa ndege ndogo hii nafasi ni nzuri tu, Cessna 150 ya zamani mnakaa mmebanana kuliko hivi.

Sasa tatizo la hii ndege haliko kwenye upana, liko kwenye uzito, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2004 Marekani walitunga sheria ya ndege nyepesi za michezo: viti visizidi viwili, injini moja, magurudumu yasiyokunjwa, spidi isizidi noti 120 ambayo ni kama kilomita 222 kwa saa, na uzito wote wakati wa kuruka usizidi kilo 600. Hizo 600 ni kila kitu, bati, injini, mafuta, wewe, abiria na begi lako. Cessna 162 yenyewe ikiwa tupu ina kama kilo 378. Jaza tenki, lita 91, hapo umeweka kilo 65 nyingine, mnabaki na kilo 157 za watu wawili. Yaani gunia moja na nusu la mahindi ya Kibaigwa, basi.

Asubuhi tumepitia kwa jamaa anayenunua mahindi tukapanda mizani yake ileile ya magunia, mimi 78, shemeji 91. Jumla 169. Tumezidi kilo 12 na hatujabeba hata chupa ya maji, kwa hiyo inabidi tupunguze kama lita 17 za mafuta, na injini yake inakunywa kama lita 20 hivi kwa kila saa moja, maana yake karibu saa nzima ya safari imeenda.

Kilo zimeendaga wapi? Kwa maoni yangu injini. Cessna waliweka injini ya Continental O-200D ya nguvu za farasi 100, ndugu wa ile iliyokuwa kwenye Cessna 150, na nawaelewa kabisa, fundi aliyezoea ndege za zamani anaijua hata akiwa amefumba macho. Lakini watengenezaji wenzao wengi walichukua injini ya Rotax 912, inatoa farasi 100 hizohizo kwa uzito mdogo zaidi kama kilo 20 hivi, inazunguka mara 5800 kwa dakika halafu gia inapunguza mzunguko wa propela, na inakubali petroli ya gari. Petroli ya gari ipo kila kona ya mji huu jamani, avgas, yale mafuta maalumu ya ndege ndogo, siyo.

Na njia yao haikuwa rahisi. Waliitangaza 2007 kwa dola 109,500, oda zikapita 1,000. Septemba 2008 ndege ya majaribio ikaingia kwenye spini, yaani inaanguka huku inajizungusha, ikagoma kutoka, rubani akaruka na parachuti. Machi 2009 nyingine tena spini, hiyo ikashushwa na parachuti ya ndege nzima. Marubani wote wawili walipona, na mimi nawaheshimu sana watu wa kazi ile. Wakaongeza ukubwa wa mkia wa wima, wakarekebisha na vitu vingine, ndo ikaenda sokoni mwishoni mwa 2009. Bei ikapanda mpaka karibu dola 150,000, uzalishaji ukasimama 2013, na 2016 zile zilizobaki bila wanunuzi, kama 80, zikapondwa. Ndege mpya kabisa. Iliniuma kusoma hiyo.

Kwa hapa kwetu sasa. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya bahari, Novemba mchana joto linagonga 31, hewa inakuwa nyepesi kama uko mita 2,000 hivi, zile farasi 100 zinabaki kama 80, bawa nalo linahitaji spidi zaidi kupata nguvu ileile, kwa hiyo utakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka na kupanda kwenyewe taratibu mno. Mimi na shemeji saa nane mchana, hapana, siwezi kukubali hata kama lami ni ndefu.

Mwanafunzi wa kilo 60 na mwalimu wa 75, saa moja asubuhi, upepo bado haujaamka, hapo naichukua bila kusita, milango inafunguka kwenda juu, unaona chini vizuri kwa sababu bawa liko juu, stiki yake inatoka kwenye dashibodi kwa hiyo miguu iko huru. Shemeji inuka tutoe viti, wiki ijayo nachora kokpiti ya ndege yenye Rotax palepale tupime tena.