Kifaa cha joto cha kutibu dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, Moshi

Nyota nne. Nilipimwa kwa siki (inapakwa kwenye mlango wa kizazi, penye dalili hugeuka peupe) kwenye kituo cha afya hapa Moshi, doa jeupe likaonekana, nikatibiwa siku hiyo hiyo. Kifaa kinashikwa mkononi, kinatumia betri. Ncha yake hufika nyuzi 100 hivi na kazi haizidi dakika moja. Nesi aliniambia, "Dada, utasikia kama tumbo la hedhi," na kweli. Hakihitaji mtungi wa gesi kama ile njia ya kugandisha, kwa hiyo hata Kibosho juu kinabebeka. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hii 2019. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iligharamia vifaa vya aina hii vikiwa bado kwenye majaribio. Hela za namna hiyo zisikatwe jamani! Nyota iliyobaki ni ya foleni, tulisubiri mno.