Podikasti ya falsafa niliyoipeleka kwenye somo la fizikia: "History of Philosophy Without Any Gaps"

Nafundisha fizikia sekondari hapa Njombe, na kilichobadilisha namna ninavyofundisha mada ya mwendo ni podikasti ya falsafa. Inaitwa History of Philosophy Without Any Gaps. Mtangazaji wake ni Peter Adamson, profesa wa falsafa aliyeianza mwaka 2010 akiwa King's College London, kisha akaendelea nayo kutoka chuo kikuu cha Munich, Ujerumani. Sehemu moja huchukua kama dakika 20, na zile za mahojiano na wataalamu huwa ndefu zaidi. Kusikiliza ni bure. Mimi hupakua usiku bando likiwa rahisi, nikasikiliza Jumamosi nikipalilia viazi.

Jina lenyewe linaahidi historia isiyo na mapengo, na ahadi hiyo ndiyo iliyonishika. Vitabu vyetu vya shule vinasema Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alidai kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, halafu Galileo, mwanasayansi wa Italia, akaja akasahihisha. Kati yao kuna karibu miaka 1,900, na mwanafunzi anabaki akidhani watu wote wa miaka hiyo walikuwa wamelala. Adamson anapita humo hatua kwa hatua. Kule Aleksandria, Misri, karne ya 6 baada ya Kristo, unakutana na John Philoponus, Mkristo aliyemkosoa Aristotle waziwazi. Ukiangusha vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana, alisema, tofauti ya muda wa kufika chini ni ndogo mno. Aristotle alifundisha kwamba jiwe lililorushwa husukumwa na hewa. Philoponus akakataa: anayerusha hulitia jiwe lenyewe uwezo wa kwenda. Galileo alimtaja kwa jina katika maandishi yake ya ujanani.

Baada ya Philoponus anakuja Ibn Sina (980–1037), mwanafalsafa na tabibu wa Uajemi, aliyeona kwamba msukumo wa aina hiyo, kama hakuna cha kuuzuia, usingeisha wenyewe. Kitu kilichorushwa kwenye ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa, kingeenda bila kikomo. Kwake hilo lilikuwa haliwezekani, kwa hiyo akalitumia kuthibitisha kwamba ombwe halipo! Halafu Jean Buridan wa Paris, karne ya 14, akaupima msukumo huo kwa wingi wa maada na kasi ya kitu. Mwalimu yeyote wa fizikia akisikia hapo anajua tumebakiza hatua chache tufike kwenye momenta, yaani tungamo la kitu mara kasi-mwelekeo yake.

Sasa njoo darasani kwangu. Kila mwaka nawauliza kidato cha pili: jiwe likishaondoka mkononi, nini kinalipeleka mbele? Lazima yupo atakayesema, "Mwalimu, ile nguvu uliyorushia bado imo ndani ya jiwe, inapungua kidogo kidogo." Kwenye mtihani jibu hilo halina maksi. Lakini ni jibu la Philoponus, na linafanana sana na la Buridan. Siku hizi namwambia mtoto huyo ni akina nani waliosema kama yeye, na walisukumwa na hoja gani. Halafu tunatafuta pamoja mahali hoja inapokwama, mpaka tufike kwenye kanuni ya kwanza ya Newton: kitu kinachokwenda huendelea kwenda hivyohivyo bila kuhitaji nguvu, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Darasa linakuwa na mjadala. Mtoto aliyejibu vile hakai kimya muhula mzima, na kwangu hilo peke yake linatosha kuisifia podikasti hii.

Ubora mkubwa wa Adamson ni kwamba hamcheki mtu wa kale. Thales, mmoja wa wanafalsafa wa mwanzo wa Ugiriki, aliposema asili ya kila kitu ni maji, tunaelezwa kwa nini mtu mwenye akili timamu angefikia wazo hilo. Anaximander, Mgiriki mwenzake, alidai dunia inaning'inia bila kushikiliwa na chochote, kwa kuwa iko katikati na haina sababu ya kuelekea upande mmoja zaidi ya mwingine. Huyo ni mtu wa karne ya 6 kabla ya Kristo, hana hata darubini.

Kwenye suala la maarifa, msikilizaji asiruke sehemu za al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu. Ni mtu aliyefika mahali pa kutilia shaka macho yake mwenyewe: nyota inaonekana ndogo kama dinari, hesabu za jiometria zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kisha akauliza, pamba ikiguswa na moto ikaungua, tumeona nini hasa? Tumeona kuungua kukifuatana na kugusana. Ule ulazima wenyewe hatukuuona. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Andalusia (Hispania) aliyekuja baadaye, akamjibu kwamba ukiondoa sababu umeondoa na maarifa. Mimi niko upande wa Ibn Rushd, maana ninaishi maabara, lakini nakiri hoja ya pamba haijibiwi kwa urahisi.

Sehemu za Epictetus, mwanafalsafa wa enzi za Warumi aliyezaliwa mtumwa, nilizisikiliza nikiwa namuuguza mama. Fundisho lake la kutenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu lilinisaidia kulala. Ila pale anaposema ukimbusu mwanao ujikumbushe kwamba ni wa kufa, sikumkubali, na mpaka leo simkubali.

Kasoro zipo. Kiingereza chake ni safi lakini hakisubiri mtu, na vichwa vya sehemu nyingi ni michezo ya maneno inayompita msikilizaji wa huku. Utani wake wa twiga na wa Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za zamani, unajirudia mno. Kubwa zaidi ni mwendo: miaka zaidi ya 10 ilipita kabla hajamfikia Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17. Anayetaka Kant au Marx leo atafute kwingine.

Pia mapengo ya jiografia yalizibwa baadaye, kwa mifululizo ya pembeni. Wa India alishirikiana na mwanafalsafa Jonardon Ganeri, na wa Afrika pamoja na watu weusi walioko ughaibuni aliuanza mwaka 2018 na mwanafalsafa Chike Jeffers. Huu wa Afrika ningependa kila mwalimu wa Tanzania ausikilize. Yumo Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa eneo la Ghana ya leo na kufundisha falsafa katika vyuo vya Ujerumani karne ya 18. Yumo Zera Yacob wa Ethiopia, pamoja na ubishi kuhusu nani hasa aliandika kitabu chake. Yumo pia John Mbiti wa Kenya, aliyeeleza dhana ya wakati kwa Waafrika kwa kutumia sasa na zamani za Kiswahili, akidai kwamba wakati ujao hauna nafasi kubwa katika fikra zetu. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alimpinga, na mimi nampinga pia: watu wa huku wanapanda miti ya mbao itakayokatwa na watoto wao.

Kama huna muda wa mfululizo wote, anza na sehemu ya Thales, sikiliza zile za Aristotle, kisha nenda moja kwa moja kwa Philoponus na Ibn Sina. Kwa mwalimu mwenye kipindi cha mwendo wiki ijayo, hizo zinatosha kuandalia somo.