Toroli tatu za jikoni, na kwa nini sasa naangalia magurudumu kwanza

Napika chakula cha mchana cha wafanyakazi pale Industrial Area, Nairobi, jikoni kwangu kukiwa pembeni kidogo mwa barabara ya Lunga Lunga. Siku ya kazi tunatoa sahani 160 hadi 180: wali, ugali, chapati, madondo (maharagwe), ndengu, sukuma, na nyama Jumatano na Ijumaa. Nusu ya wateja hula hapa hapa. Nusu nyingine tunawapelekea, wengine kwenye godauni lililo ng'ambo ya uwanja, wengine kwenye ofisi za orofa ya tatu katika jengo linalofuata. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na vijana wawili walioshika ukingo wa sufuria kwa matambara, mmoja akirudi kinyumenyume. Nilikuwa nawatazama roho mkononi.

Toroli ya kwanza niliinunua katika duka moja la vyombo vya hoteli katikati ya jiji. Ya plastiki, rangi ya kijivu, rafu tatu, shilingi 13,500. Karatasi iliyobandikwa ubavuni ilisema inabeba kilo 150. Muuzaji aliisukuma kwa kidole kimoja juu ya vigae, ikateleza hadi ukutani bila sauti. "Mama, hii hata mtoto anaisukuma," akaniambia, na kweli, pale dukani mtoto angeisukuma.

Uwanja wetu si wa vigae. Ni wa kabro, yale matofali ya saruji yanayopangwa ardhini, na kabro zenyewe zimeshuka hapa na pale kwa sababu ya malori. Gurudumu la inchi 4, gumu kama jiwe, hukwama katika kila ufa. Ukitembea na toroli ile unasikia ta-ta-ta-ta mpaka vifuniko vya sufuria vinacheza. Wiki ya tatu, gurudumu la mbele lilizama kwenye wavu wa chuma unaofunika mtaro. Toroli ikasimama ghafla, sufuria ikaendelea na safari. Lita thelathini na kitu za madondo yaliyotoka jikoni dakika tano zilizopita zilimwagika uwanjani. Kijana aliyekuwa akisukuma alikuwa amevaa gambuti, na ndiyo sababu pekee aliyorudi nyumbani jioni ile badala ya kupelekwa hospitali. Sijasahau rangi ya uso wake.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kutoa pesa. Maji lita moja ni kilo moja, na madondo hayapungui hapo. Sufuria ya lita 40 iliyojaa inapita kilo 40 ukiongeza uzito wa sufuria yenyewe. Zangu mbili, wali, hotipoti ya chapati, sahani na vijiko, tayari umevuka kilo 120. Ile 150 ya kwenye karatasi huhesabiwa mzigo ukiwa umegawanywa sawasawa kwenye rafu zote, kila rafu kilo 50, sakafu ikiwa laini na tambarare. Mimi nilikuwa nimeweka sufuria zote mbili rafu ya juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kupakia. Tena, kwenye ardhi yenye mashimo toroli ya magurudumu manne mara nyingi husimama kwa matatu, moja liko hewani. Kwa hiyo ukitaka kujua gurudumu linahitaji kuhimili kilo ngapi, gawanya uzito wote kwa tatu, usigawanye kwa nne. Hesabu hiyo nilifundishwa baadaye na fundi, na ningefurahi sana kama ningeambiwa dukani.

Kulikuwa pia na suala la moto. Plastiki haitaki sufuria iliyotoka jikoni moja kwa moja. Rafu ya juu ilianza kubonyea katikati mwezi wa kwanza, alama ya duara ikabaki pale. Nikaweka ubao chini ya sufuria, na ubao ukawa unateleza. Lakini niseme haki: toroli hiyo bado ninayo na bado inafanya kazi kila siku, ndani. Inakusanya sahani chafu. Haipigi kelele, haishiki kutu, na ukiimwagia maji ya sabuni inatakata. Ukiwa na mkahawa wenye sakafu ya vigae na kazi yako ni kuondoa vyombo mezani, nunua ya plastiki na usione haya. Manjano ya pilau tu ndiyo hayatoki kwenye plastiki, hata usugue vipi.

Ya pili ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, stenlesi kama tunavyoita, shilingi 19,000. Niliambiwa ni ile ya daraja la 304, yenye kromiamu na nikeli ya kutosha. Nilienda na sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu ya redio, nikaigusisha, haikunasa, nikaridhika. Baadaye nikajifunza kwamba sumaku inakuonyesha kitu kimoja tu: ikinasa kwa nguvu, huenda ni daraja la 430 ambalo halina nikeli. Isiponasa, inaweza kuwa 304 na inaweza pia kuwa 201, ambayo ni ya bei ya chini na hushika kutu upesi ikikutana na chumvi. Yangu ilitoa madoa ya kahawia kwenye kona kabla ya mwaka kuisha, na kosa lilikuwa la pande mbili, kwa sababu sisi nasi tulikuwa tunaipangusa kwa Jik. Dawa za klorini hula stenlesi, hata ile nzuri. Sabuni ya kawaida, maji safi, kisha kitambaa kikavu: basi. Na steelwool isikaribie.

Kipimo ninachokiamini zaidi ya sumaku ni kidole gumba. Bonyeza katikati ya rafu. Ikitoa sauti ya bati, "pwap", ikabonyea na kurudi, chuma ni chembamba na hakina mhimili chini yake. Halafu pitisha kiganja polepole chini ya ukingo. Ukingo uliokunjwa hauumizi. Usiokunjwa utakata mtu siku moja, na mtu aliyekatwa kidole hawezi kugusa chakula.

Toroli hiyo ya pili iliunganishwa kwa bolti. Inakuja kwenye boksi, unaifunga mwenyewe. Kwenye kabro bolti zinalegea. Kila Jumatatu asubuhi tulikuwa tunazikaza na spana, na kila Ijumaa jioni zilikuwa zinacheza tena. Magurudumu yalikuwa yale yale ya inchi 4, ila yenye mpira kidogo. Miezi saba nikachoka.

Ndipo nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Wanaojua mahali pale wanajua kelele zake, nyundo juu ya chuma kuanzia asubuhi, sufuria na masanduku yamepangwa hadi barabarani. Fundi niliyempata ni mzee aliyezoea kutengeneza majiko ya shule. Kabla hajaniambia bei aliniuliza, "Mama, itapita wapi?" Sikuwa na jibu la maana. Akanirudisha nikapime.

Nilipima kila kitu kwa tepu, na hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo ningependa kila mwenye biashara ya chakula aifanye kabla ya kununua. Mlango wa jikoni sentimita 78. Mlango wa lifti 80, na kati ya sakafu ya lifti na sakafu ya orofa kuna ufa unaoweza kumeza gurudumu dogo. Matundu ya wavu wa mtaro. Urefu wa sufuria kubwa pamoja na kifuniko chake, ili rafu mbili ziachane vya kutosha kutoa na kuingiza bila kuinamisha. Kimo cha kiuno cha msichana anayesukuma mara nyingi zaidi, kwa sababu mpini ukiwa juu mno anasukuma kwa mabega na mgongo unalipa.

Fundi alichomelea fremu nzima, bila bolti hata moja isipokuwa za magurudumu. Akaweka rafu mbili badala ya tatu. Rafu zina ukingo ulioinuka pande tatu, kama vidole viwili hivi, mchuzi ukimwagika usifike sakafuni. Upande wa nne ukingo ni mfupi, ndio tunaotumia kuvuta sufuria kuingia na kutoka bila kuinyanyua. Magurudumu ni ya inchi 8. Nilitaka ya mpira wa kawaida kwa sababu ni ya kimya, akanishauri poliyurethani, plastiki ngumu inayonepa kidogo: mpira hulainika na kuvimba ukikaa kwenye mafuta ya kupikia, na ule mweusi huacha mistari kwenye vigae vya ofisi za watu. Mawili ya nyuma hayageuki, mawili ya mbele yanageuka na yana breki. Yote manne yakigeuka, jikoni ni raha, lakini kwenye mteremko wa rampu toroli inakwenda inakotaka yenyewe. Ukifanya kazi ndani tu, chukua yanayogeuka yote.

Jumla ilinigharimu shilingi 31,000, magurudumu peke yake yakichukua karibu theluthi. Niliona uchungu nikilipa. Kabla ya kuipokea tuliipakia majerikeni matano ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 100 na zaidi kidogo, tukaisukuma pale Kamukunji penyewe, juu ya mawe na matope. Msichana wangu aliisukuma kwa mikono miwili bila kuinama.

Ina kasoro. Magurudumu makubwa yameinua kila kitu, kwa hiyo rafu ya juu iko karibu na kifua. Tumeweka sheria: sufuria chini, sahani na hotipoti juu. Hilo limetusaidia pia kwa uthabiti, maana uzito ukiwa chini toroli haiyumbi. Ni nzito hata ikiwa tupu. Na haihifadhi joto, toroli yoyote ya wazi haihifadhi. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, na lifti ya jengo lile ikikwama unaweza kungoja dakika kumi, kwa hiyo vifuniko vinabaki hadi mlangoni kwa mteja na nyama inasafiri kwenye hotipoti.

Nyama mbichi haipandi juu yake kamwe, wala sahani chafu. Za kurudi zinakuja kwenye beseni, mkononi, au zinasubiri ile ya plastiki mlangoni.

Matunzo ni machache. Jumamosi tunaipindua. Utashangaa kinachojizungusha kwenye ekseli: nyuzi za magunia ya mchele, nywele, mashina ya sukuma. Tunakata kwa kisu kikuukuu, tunatia tone la grisi kwenye beringi, tunajaribu breki. Sasa ina mwaka mmoja na miezi miwili. Nimebadilisha gurudumu moja la mbele, beringi ilikuwa imeingiwa na maji, na fundi alilifunga nikisubiri. Wiki iliyopita nimempelekea vipimo vya jiko la dada yangu kule Kariobangi. Kwake hakuna lifti, kuna ngazi tatu za kuingilia, na mzee amesema hatagusa chuma mpaka aende azione mwenyewe.