Maumivu ya kiuno: fiziotherapia au masaji?
Mtu anayeumwa kiuno kwa zaidi ya miezi 3 ningemshauri aanze na fiziotherapia, kwa kuwa mtaalamu wake hupima kwanza nguvu za misuli, hisia za miguu na namna mgonjwa anavyoinama, kisha humpangia mazoezi ambayo ataendelea kuyafanya nyumbani, hata siku anapochoshwa nayo. Masaji hulegeza misuli iliyokaza na kuleta nafuu ya haraka, lakini mara nyingi nafuu hiyo haidumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unakubali njia zote mbili kwa maumivu sugu ya kiuno, ilhali ule wa Uingereza wa mwaka 2016 unakubali ukandaji pale tu unapoambatana na mazoezi. Nami naegemea huo wa pili. Tena, mguu mmoja uliovimba na kuuma usichuliwe kabla daktari hajahakikisha kwamba hakuna damu iliyoganda mshipani. Ama mgonjwa aliyeshindwa ghafla kuzuia mkojo, au aliyeshikwa na ganzi sehemu za siri, huyo hana la kuchagua kati ya hizi mbili: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.