Kwaya au jumuiya: mgeni Mwanza aanzie wapi?

Wakatoliki wanaohamia Mwanza hukutana na swali hili mapema, na kila mtu ana jibu lake kali. Mimi nimepita kote, kwaya Kirumba, kisha jumuiya, yaani majirani wanaosali pamoja kwa zamu majumbani, Nyakato.

Kwa gharama, jumuiya inashinda. Kwaya ina sare, nauli ya mazoezi na michango ya safari. Jumuiya ni mchango mdogo na zamu ya kuwapokea watu kwako.

Kwa kuzoeana haraka, kwaya. Mkihangaika na sauti ya nne wiki tatu, mmeshakuwa ndugu. Ila kwaya unaifuata kwa kuwa unapenda kuimba, na wenzako wanapenda hichohicho. Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976, hufuata mtaa, jirani huchagui. Jumamosi alfajiri nilikaa mkekani kati ya mama muanika dagaa na mwalimu mstaafu anayetaka rozari isaliwe polepole mno. Mimi napenda mwendo. Nikanyamaza. Nilipolazwa Bugando, ni mwalimu huyohuyo aliyepanda daladala na chupa ya uji, kaifunga kwa kanga isipoe.

Kijana asiye na familia, mwenye jioni tupu, aanze na kwaya. Mwenye watoto, jumuiya iko karibu. Na mvuvi wa dagaa, anayepumzika mbalamwezi tu, mazoezi ya kila wiki hayawezi. Jumuiya humsogezea kiti akirudi ziwani.