Kizazi kimeshuka: pete au upasuaji?

Una miaka 27, umejifungua mara mbili, na ukichuchumaa kufua unahisi kitu kama yai kinashuka ukeni. Uvae pete ya ukeni inayoshikilia kizazi kisishuke, au upasuliwe?

Pete ya silikoni hupimwa kliniki na kuwekwa bila kisu wala nusukaputi, kwa gharama ndogo. Wengi hufundishwa kuitoa wenyewe, kuiosha kwa maji na sabuni, kisha kuirudisha. Shida ni kwamba matunzo hayaishi: ikisahaulika ndani miezi mingi huchubua na kuleta uchafu wenye harufu. Wengine huwachomoka wakijikamua chooni.

Upasuaji unakuondolea kazi hiyo, na kizazi kinaweza kushikizwa juu kwa nyuzi bila kutolewa. Dada, usikubali kuambiwa kukitoa ndiyo njia pekee. Ila gharama ni kubwa, utakaa wiki kadhaa bila kubeba ndoo, na kinaweza kushuka tena, hasa ukizaa. Nyavu za plastiki za kushikilia kilichoshuka, zinazowekwa kupitia ukeni kwa tatizo hili, zilisimamishwa kuuzwa Marekani Aprili 2019.

Bado unataka mtoto? Ningeanza na pete na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Umemaliza kuzaa na pete haikai? Mwulize daktari wa wanawake kuhusu upasuaji.