Viterbi au LDPC: dikoda ipi ikufae?

Dikoda ndiyo inayorekebisha biti zilizoharibika njiani, na swali la ipi uchague haliishi, mi naona watu wanabishana kabla hata ya kusema wanatuma nini.

Viterbi, ya tangu 1967, inafuata njia zote zinazowezekana huku ikitupa zilizozidiwa, na kwa msimbo wa konvolusheni (unaochanganya kila biti na zilizotangulia kabla ya kutuma) inakupa njia yenye uwezekano mkubwa kuliko zote, haibahatishi. Gharama unaijua mapema: K, yaani idadi ya biti ambazo msimbo unazichanganya kwa pamoja, ikiwa 7 basi kuna hali 64 (michanganyiko ya biti zilizotangulia), kila hatua kazi ileile, kwa hiyo muda wa kusubiri hauyumbi. Ila ukiongeza K kwa moja tu hali zinakuwa mara mbili, hapo chipu inaelemewa haraka.

LDPC, aina ya msimbo aliyoibuni Gallager, ni habari nyingine, biti na cheki za pariti (kanuni kwamba jumla ya biti fulani iwe shufwa) zinapashana habari. Chukua biti imefika na volti karibu na sifuri, haieleweki ni 0 au 1, sasa cheki inaangalia biti zingine tano zenye uhakika, inakuta jumla yake ni witiri, na inatakiwa iwe shufwa, basi inaiambia wewe ni 1. Mzunguko unarudiwa mpaka cheki zote zikubali. Kwa bloku ndefu inasogelea kikomo cha Shannon (kasi ya juu kabisa ambayo njia inaweza kubeba bila makosa), ndo maana 5G inaitumia kwenye data. Lakini inakula memori, na grafu inayounganisha biti na cheki ikiwa na vizingo vifupi (njia fupi zinazorudi zilikoanza) makosa yanagoma kushuka hata ishara ikiwa safi.

Sensa ya betri, vifurushi vya biti mia hivi? Viterbi inatosha kabisa. Bloku za maelfu ya biti na chipu ina nafasi, nenda LDPC.